Kusawazisha Sauti za Spika Zinazoendeshwa na Amplifaya Mbalimbali

Mwanafunzi wa sekondari anapojifunza sura ya sauti katika somo la fizikia, hukariri kwamba sauti ni mawimbi, kwamba husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde, na kwamba ukubwa wake hutajwa kwa desibeli. Mtihani ukishapita, mengi ya hayo husahauliwa, kwa kuwa hayakupata kumfaa mwanafunzi nje ya darasa. Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha jinsi kanuni zizo hizo zinavyoweza kumwokoa mtu asipoteze fedha zake, na vilevile asipoteze masikio yake. Mfano wetu umetoka katika sebule moja huko Matambarale, wilayani Ruangwa, Mkoa wa Lindi.

Tatizo lenyewe

Katika likizo moja, baada ya mauzo ya ufuta, nilikwenda Matambarale kumjulia hali dada yangu. Mwanawe, kijana mwenye bidii, alikuwa ameunganisha runinga yake na spika tano: tatu mbele, yaani kushoto, katikati na kulia; na mbili nyuma ya watazamaji. Jioni majirani hukusanyika hapo kutazama filamu na mpira. Spika tatu za mbele ziliendeshwa na amplifaya iliyokuwa ndani ya mtambo mkuu. Sehemu iliyoendesha spika za nyuma ilikuwa imeungua. Kwa hiyo kijana alichukua ishara isiyokuzwa kutoka kwenye matundu ya mtambo huo na kuipeleka kwenye amplifaya kuukuu ya njia mbili, ambayo ndiyo iliyoendesha zile mbili za nyuma.

"Shikamoo mjomba," alisema baada ya kunikaribisha. "Umekuja wakati mzuri. Watu wananilalamikia kwamba maneno ya filamu hayasikiki. Nikipandisha sauti ili wasikie maneno, milio ya risasi inawapasua masikio kutoka nyuma. Nimeamua fedha ya ufuta ninunue amplifaya ya wati 300."

"Marahaba," nilimjibu. "Amplifaya zako za sasa zina wati ngapi?"

"Ya mbele imeandikwa 100 kwa kila spika. Ile kuukuu ya nyuma ni 25 tu."

Hapa pana fumbo. Yawezekanaje amplifaya ya wati 25 kuishinda kwa kelele ile ya wati 100? Nakiri kwamba ushauri wangu wa kwanza haukuwa wa kitaalamu. Nilimwambia aweke vitufe vya volyumu vya mitambo yote miwili katikati, nikidhani kwamba nusu na nusu ni sawa. Hali ikawa mbaya zaidi. Ndipo nilipoketi na kufikiri kama ninavyowataka wanafunzi wangu wafikiri.

Desibeli ni uwiano

Sikio la binadamu halipimi nguvu ya sauti kwa kujumlisha, bali kwa kulinganisha. Mwanasayansi Mjerumani Gustav Fechner, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliieleza tabia hiyo ya fahamu kwa kutumia logarithimu. Katika miaka ya 1920 wahandisi wa simu wa Marekani walianza kutumia kipimo cha namna hiyo, wakakipa jina kwa kumkumbuka Alexander Graham Bell. Desibeli ni sehemu moja ya kumi ya beli.

Tofauti ya ngazi kati ya nguvu mbili za umeme au za sauti, kwa desibeli, ni mara 10 ya logarithimu ya uwiano wake. Kwa kuwa nguvu hulingana na mraba wa volteji, tofauti ya ngazi kati ya volteji mbili ni mara 20 ya logarithimu ya uwiano wake. Mambo manne yafaa yakumbukwe daima:

1. Kuzidisha nguvu mara 2 huongeza desibeli 3.
2. Kuzidisha nguvu mara 10 huongeza desibeli 10.
3. Kuzidisha volteji mara 2 huongeza desibeli 6.
4. Sikioni, nyongeza ya desibeli 10 huhisiwa takriban kama sauti iliyorudufiwa, na tofauti ya desibeli 1 ni ndogo kiasi cha kutambulika kwa shida.

Sasa tupime ule mpango wa kununua amplifaya mpya. Kutoka wati 100 hadi wati 300 ni uwiano wa 3. Logarithimu ya 3 ni 0.477, kwa hiyo faida yote ni desibeli 4.8. Mkulima angetoa mavuno ya msimu mzima ili apate chini ya desibeli 5. Na hata hizo hazingekuwa dawa ya ugonjwa wake, kama tutakavyoona.

Wati si ukubwa wa sauti

Kosa linalowapata watu wengi ni kudhani kwamba wati zilizoandikwa kwenye amplifaya ni kiasi cha sauti itakayotoka. Wati hizo ni ukomo tu. Zinatueleza amplifaya itafika wapi kabla ya kushindwa. Hazituelezi itatoa nini leo kwa ishara tunayoipa. Jambo linaloamua hilo ni ukuzaji, yaani uwiano wa volteji inayotoka kwa volteji inayoingia.

Tuchukue amplifaya tatu, na kila moja iendeshe spika yenye ukinzani wa omu 8. Volteji ya kilele cha uwezo wake tutaipata kwa kutafuta kipeuo cha pili cha nguvu mara ukinzani.

Amplifaya ya kwanza ina wati 100, na hufikia uwezo wake wote inapopewa volti 1. Kipeuo cha pili cha 800 ni 28.3, kwa hiyo ukuzaji wake ni mara 28.3.

Ya pili ina wati 25, na hufikia uwezo wake inapopewa nusu volti. Kipeuo cha pili cha 200 ni 14.1, tukigawa kwa 0.5 tunapata mara 28.3. Maana yake ni kwamba ikipewa ishara ileile, itatoa sauti ileile kama ya kwanza, ingawa wati zake ni robo.

Ya tatu ina wati 100, lakini huhitaji volti 2 ili kufikia uwezo wake. Ukuzaji wake ni 28.3 gawanya kwa 2, yaani mara 14.1. Basi ile ndogo ya wati 25 huishinda hii kubwa kwa desibeli 6.

Fumbo la Matambarale limekwisha kufumbuliwa kwa nusu. Tuongeze kwamba kitufe cha volyumu hakina kipimo cha kimataifa. Nusu ya mzunguko katika mtambo mmoja yaweza kuwa robo ya ngazi katika mwingine. Kuviweka vitufe viwili katikati na kutumaini usawa ni sawa na kupima shamba kwa hatua za mtu mfupi na mrefu, kisha kutaraji jibu moja.

Spika na umbali

Baada ya amplifaya huja spika. Spika hazigeuzi umeme kuwa sauti kwa ufanisi ulio sawa. Watengenezaji hupima kwa kuipa spika volti 2.83, ambazo katika omu 8 ni sawa na wati 1, kisha husoma ngazi ya sauti umbali wa mita 1. Spika moja yaweza kutoa desibeli 86 na nyingine 92. Tofauti hiyo ya desibeli 6 ina maana kwamba ya kwanza inahitaji nguvu mara 4 ili iifikie ya pili.

Mwisho kuna umbali. Mahali pa wazi nguvu ya sauti katika eneo hupungua kwa kinyume cha mraba wa umbali. Umbali ukizidishwa mara 2, ngazi hushuka desibeli 6. Ndani ya chumba kuta hurudisha sauti, hivyo upungufu huwa mdogo kuliko huo, lakini kanuni hii hutupa makadirio mazuri tukiwa karibu na spika.

Vipimo tulivyovichukua

Tulikuwa na vyombo vitatu tu: multimita, simu yenye programu ya kupima sauti, na utepe wa kupimia. Kwanza tuliipa kila njia mlio wenye mitetemo 400 kwa sekunde, wa ukubwa uleule, tukapima volteji kwenye spika. Spika za mbele zote tatu zilipata volti 1.0. Za nyuma zilipata volti 2.0.

Kisha tuliweka simu kwenye kiti cha katikati, kimo cha sikio, tukachezesha mvumo mchanganyiko, ule unaofanana na mvua inayonyesha juu ya bati, katika spika moja baada ya nyingine. Tulipata hivi:

Mbele kushoto: desibeli 74
Katikati: desibeli 69
Mbele kulia: desibeli 74
Nyuma kushoto: desibeli 80
Nyuma kulia: desibeli 78

Msomaji na atazame spika ya katikati na ya nyuma kushoto. Tofauti yake ni desibeli 11, yaani nguvu ya sauti ya mojawapo ilikuwa karibu mara 13 ya mwenzake. Tofauti hiyo ilitoka wapi? Volteji ilizidi mara 2, hiyo ni desibeli 6. Kwa mujibu wa vibandiko vyake, spika ya katikati ilikuwa ya desibeli 87 na ya nyuma ya desibeli 90. Hiyo ni 3. Ya katikati ilikuwa umbali wa mita 2.5 kutoka kwenye kiti na ya nyuma kushoto mita 2. Logarithimu ya 1.25 mara 20 ni takriban 2. Jumla, 6 na 3 na 2 ni 11. Hesabu na simu vilikubaliana.

Yafaa kueleza kwa nini upungufu huo uliharibu filamu nzima. Katika filamu za spika tano, maneno ya waigizaji kwa kawaida hupelekwa spika ya katikati, na milio ya mazingira hupelekwa nyuma. Spika iliyobeba maneno ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Kupandisha volyumu kuu kulipandisha njia zote kwa kiasi kimoja, na tofauti ya desibeli 11 ilibaki palepale. Amplifaya ya wati 300 nayo isingeiondoa tofauti hiyo.

Hatua za kusawazisha

Mwalimu au mwanafunzi anayetaka kufanya kazi hii na afuate hatua hizi.

Kwanza, zima mitambo kabla ya kugusa nyaya. Hakikisha kila spika ina amplifaya moja tu. Usiunganishe kamwe matokeo ya amplifaya mbili kwenye spika moja, maana moja itailazimisha nyenziwe mkondo na zote mbili zaweza kuungua.

Pili, hakikisha alama za chanya na hasi zimefuatwa katika kila spika. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi hupotea.

Tatu, chagua kitufe kimoja kiwe volyumu kuu, nacho kiwe cha mtambo unaogawa ishara. Vingine vyote ni vya kusawazishia tu. Mtu akizungusha vitufe viwili kila siku hatapata usawa hata mara moja.

Nne, tumia mvumo mchanganyiko wala si muziki, kwa sababu muziki hubadilika kila nukta. Mlio mmoja wa besi nao haufai kwa kupimia ngazi chumbani, kwa kuwa mawimbi yanayorudi kutoka ukutani hukutana na yanayokwenda, yakaongezana mahali pamoja na kufutana mahali pengine. Ukisogeza simu hatua moja jibu hubadilika.

Tano, rekebisha kwanza kitufe cha amplifaya ya ziada mpaka spika zake zikaribie zile za mtambo mkuu. Halafu tumia marekebisho madogo ya kila njia yaliyo katika mtambo mkuu kumalizia.

Sita, weka alama ya rangi mahali kitufe cha amplifaya ya ziada kilipo, na mtu asikiguse tena.

Sisi tulishusha amplifaya ya nyuma kwa desibeli 5, tukapata 75 na 73. Marekebisho ya desibeli 1 kila upande yakazifikisha zote 74. Spika ya katikati tuliipandisha desibeli 5. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja.

Huenda msomaji akauliza kama simu ni chombo cha kuaminika. Kwa kutaja ngazi halisi, si sana. Inaweza kukosea kwa desibeli kadhaa. Lakini sisi hatukutafuta ngazi halisi, tulitafuta usawa. Simu ikisoma pungufu kwa desibeli 3, hupunguza hivyo kwa spika zote, na tofauti hubaki sahihi. Hili ni funzo kubwa katika maabara: chombo kibaya kinaweza kutoa jibu jema, mradi swali liwe la kulinganisha na kosa lake lisibadilike.

Tena, kusawazisha hakuna maana kwamba spika zote zitalia sawa wakati wote. Mtengenezaji wa filamu ndiye anayeamua mlio upi uwe mkubwa na upi uwe mdogo. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba uamuzi wake unatufikia bila kupotoshwa. Jambo hili ni la zamani. Tarehe 27 Aprili 1933 muziki wa Okestra ya Philadelphia ulipelekwa kwa nyaya za simu hadi ukumbini Washington, ukatolewa kwa njia tatu za spika. Na kiongozi wake, Leopold Stokowski, hakuwa mbele ya wapigaji, bali alikaa ukumbini Washington akiongoza ngazi za sauti.

Je, nguvu ilitosha?

Swali la wati sasa laweza kuulizwa mahali pake. Tuseme wastani wa sauti kwenye kiti uwe desibeli 75, na vilele vya ghafla vizidi kwa desibeli 20, yaani vifike 95. Spika ya katikati hutoa desibeli 87 kwa wati 1 umbali wa mita 1. Kwenye mita 2.5 hubaki 79. Kufika 95 kunahitaji nyongeza ya desibeli 16, ambayo ni wati 40. Spika ya nyuma kulia, iliyo umbali wa mita 2.5, hutoa 82 kwa wati 1. Inahitaji nyongeza ya 13, ambayo ni wati 20. Amplifaya ya wati 25 inatosha.

Lakini tahadhari: wati za kwenye boksi mara nyingi hutiwa chumvi. Tazama nyuma ya mtambo palipoandikwa nguvu unayovuta kutoka kwenye umeme wa nyumba. Mtambo unaovuta wati 120 hauwezi kutoa wati 500 kwa mfululizo, kwa maana nishati haizuki pasipokuwa na kitu. Amplifaya ikilazimishwa kupita uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi. Sauti huwa ya kukwaruza, na mara nyingi twita ndiyo hufa kwanza.

Masikio hayana duka

Kijana wetu alikuwa akipandisha volyumu kufuata maneno, na waliokaa karibu na spika za nyuma ndio waliolipa gharama. Kwa kanuni inayotumiwa na Taasisi ya Marekani ya Usalama na Afya Kazini, sikio laweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu. Kwa hiyo desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15. Chembe za sikio la ndani zenye vinyweleo, zinazogeuza mtetemo kuwa taarifa ya fahamu, zikifa kwa binadamu hazioti tena. Amplifaya iliyoungua fundi aweza kuitengeneza. Sikio lililoungua halina fundi.

Jioni ile filamu ilipoanza, volyumu kuu ilikuwa chini kuliko siku zote. Dada yangu, ambaye kwa kawaida hukaa nje akilalamikia kelele, aliingia na kuketi. Baada ya muda alisema, "Leo ndiyo kwanza namsikia anachosema." Fedha za ufuta zilibaki mfukoni.

Maswali ya kujipima

1. Amplifaya yenye wati 50 katika omu 8 hufikia uwezo wake ikipewa volti 1. Tafuta ukuzaji wake.
2. Spika mbili zenye ufanisi sawa zinapewa volti 1.5 na volti 3. Tofauti ya ngazi ni desibeli ngapi, zikiwa umbali mmoja?
3. Spika ina ufanisi wa desibeli 88. Msikilizaji yuko mita 4 kutoka hapo, mahali pa wazi. Ni nguvu gani inayohitajika ili apate vilele vya desibeli 95?
4. Wanafunzi wawili wanapima ngazi ya spika zilezile kwa simu mbili tofauti, mmoja spika za mbele, mwingine za nyuma. Eleza kwa nini matokeo yao hayafai kusawazishia.

Majibu: (1) Mara 20. (2) Desibeli 6. (3) Takriban wati 80. (4) Kosa la kila simu ni lake mwenyewe. Halifutiki tunapolinganisha vipimo vya simu mbili.